Namna Tulivyopoza Maneno ya Ng'ambo

Neema na Joeli, mimi nimeingia pansion. Niko na miaka kumi na saba na nusu. Mama Sidonie, mukubwa wetu wa foni, anasema hajaona bado mustaafu anayevaa uniforme ya masomo, lakini ni vile. Mwaka huu nafanya mutihani wa Serikali, na mama yangu amesema kaye za foni, hizi daftari za redio, zibaki kwa foni, za hesabu zije nyumbani. Basi nawaachia kiti changu, kile chenye mguu mumoja mufupi (karatasi ya kutia chini iko kwenye dirisha), na nawaandikia kazi yangu ya miaka mitatu. Ningekuja kuwafundisha kwa mudomo, lakini munanijua. Tungeangaliana tu mpaka saa ya kurudi nyumbani.

Vyeo na mushahara naviruka. Cheo kilikuwa kimoja, mwandishi, na mushahara ulikuwa chai. Siku zingine na sukari.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na ine. Mama Sidonie alikuwa anatafuta mutoto mwenye maandiko mazuri, na direkta wetu wa masomo akanituma mimi juu sikuwa napiga kelele. Mama Sidonie munamujua, ni mutu mukubwa kwa kila upande, anaongea mu mikro na mwili muzima. Akisalimia Mahagi, hata kalendari ya ukutani inatingizika. Akaniuliza jina. Nikalisema. Akauliza tena. Nikalisema tena.

«Eh, mutoto huyu anaongea sawa bateri ya kuisha,» akasema. Kisha akanivalisha kasko kwenye masikio. «Haizuru. Weye utasikia, mimi nitasema.»

Na hivyo tulifanya kazi miaka karibu mitatu. Yeye mudomo, mimi masikio na biki.

Vijana wengine wananiuliza foni ni ya nini wakati kila mutu iko na simu. Hawajafika Mti Moya. Kule antena ya rezo iliungua zamani, na simu ni ya kuangalia saa na kumulika njia ya choo. Kwa hiyo iko foni yetu, sanduku moja la chuma, bateri ya gari, pano ya jua juu ya paa, na waya mrefu kati ya miti miwili ya mukaratusi. Kila posti iko na jina lake la chakula. Siye Bunia ni Muhogo. Mti Moya ni Maharagi, Ng'ambo ni Sombe, Mahagi ni Samaki. Nani alichagua majina haya sijui, lakini alikuwa na njaa.

Mutu akimaliza kutuma mesaji, unapashwa kumujibu kwamba umeipata. Mimi, kusema «nimepata» mbele ya watu wa mkoa muzima, hapana. Siku ya tatu ya kazi nikagundua ukibonyeza kifungo cha mikro mara mbili, bila kusema, kule upande wa pili wanasikia tik, tik. Nikafanya vile. Samaki akacheka mpaka akakohoa, akasema Muhogo ameajiri panya. Tangu siku ile jina langu katika foni yote ni Tiktik, na muda murefu operatera wengine hawakujua kama mimi ni mwanamuke ao mwanaume.

Mambo ya vyombo nawaambia kwa haraka. Pano ipanguzeni kila asubui, vumbi ya barabara yetu inakula jua kuliko mawingu. Bateri ikikauka, tieni maji yake, si ya kisima. Radi ikianza kunguruma upande wa Nizi, toeni waya wa antena kwanza, mukimbie kisha, si kinyume. Na andikeni na biki, kalamu ya wino. Mimi nilianza na krayo ya kufutika, Mama Sidonie akanusa kaye kama nyama ya kuoza. «Krayo ni ya watu wanaotaka kubadilisha maneno kesho.» Alisema vile, yeye mwenyewe, na mutaona kwa nini hiyo inanichekesha.

Sasa kazi yenyewe. Mti Moya na Ng'ambo ni vijiji viwili, vinatenganishwa na muto mumoja na mambo ya ng'ombe kuingia mu mihogo. Kabla ya siku zangu watu walikufa juu ya hayo. Kisha Komite ya Masikilizano ikaundwa hapa Bunia, ikaweka sheria moja. Mti Moya na Ng'ambo wasisemeshane moja kwa moja. Kila mumoja iko na chaneli yake, hasikii ya mwenzake, na kila neno lipite kwetu kwanza. Tunaliandika mu kaye ya bluu, tunalisoma upande wa pili. Na tukiliandika, tunalipoza.

Kupoza ni ufundi wa Mama Sidonie. Mesaji ya kwanza niliyoandika ya Mti Moya ilisema: «Waambie wale wezi, ng'ombe zao zikirudi mu mihogo yetu tutazikula na pembe zake.» Niliandika neno kwa neno, na maandiko yangu mazuri. Mama Sidonie akasoma, akachukua biki, akaandika chini: «Mti Moya wanasalimia, na wanaomba ng'ombe zifungwe kidogo, juu mihogo iko bado changa.»

Nikamwangalia. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza nilimwangalia usoni.

«Ni uongo?» nikauliza.

«Ni chai,» akasema. «Unaimwaga kikombe kwa kikombe mpaka mutu anaweza kuinywa. Ulisikia ng'ombe?»

«Ndiyo.»

«Ulisikia mihogo?»

«Ndiyo.»

«Basi yote iko ndani. Matusi ni moshi tu.»

Na ng'ombe zilifungwa. Kweli zilifungwa. Ndani ya miaka miwili, pande mbili zilianza kuazimana vitu. Mti Moya ikatoa dume yake kwa ng'ombe za Ng'ambo. Ikatoa pia sufuria kubwa ya ndoa, ile mutoto anaweza kuoga ndani. Mimi nikajifunza kupoza mpaka Mama Sidonie akaacha kuangalia kazi yangu. Nilikuwa naona sifa kubwa. Jioni, nyumbani, nilikuwa naandika mesaji za moto, zile za kweli, mu kaye yangu ya siri, juu zilikuwa tamu na ilikuwa huzuni kuzitupa. Nilizisoma peke yangu chini ya bulangeti nikicheka kama mwizi.

Mutu mumoja tu hakunipa kazi ya kupoza, ni operatera wa Ng'ambo, Papa Sombe. Mesaji zake zilikuja baridi tayari. Alikuwa anasalimia Komite, anasalimia jamaa za Komite, anauliza kuku wanaendaje, ndiyo anaingia kwa jambo lenyewe, na wakati huo biki yangu imechoka. Mwezi muzima alituelezea ndoa ya mutoto wake, namna chakula cha ile sufuria kilikuwa kitamu mpaka alikula sahani tatu na kulala amekaa. Siku ingine alituambia dume ya Mti Moya ni mufanyakazi, ng'ombe tatu ziko na mimba. Yote iko mu kaye ya bluu. Someni siku mukikosa kazi.

Sasa juma lile la karamu.

Siku ya kwanza, Mama Sidonie alikuwa kwa fundi wa nguo. Nilikaa peke yangu. Papa Sombe akaingia bila salamu. «Muhogo, andika. Waambie watu wa Mti Moya dume yao ni mvivu, inalala tu, ng'ombe zetu zinaicheka. Tunairudisha. Kesho wataikuta kwenye kivuko.» Nikabonyeza tik, tik. Nilicheka. Nikafikiri Papa Sombe ameamka vibaya. Nikapoza: «Ng'ambo wanarudisha dume, na wanashukuru sana.»

Prezida wa Komite aliposoma, akasimama. Ni mwalimu wa zamani, akifurahi anasimama. Akasema watu wanaorudisha kitu bila kuombwa ni watu wenye moyo safi, na amani sasa imeiva. Akaamuru karamu Mti Moya, siku ya ine, saa sita za muchana, watu wote kwenye kiwanja cha soko, watoto mbele. Mama Sidonie akasoma mwaliko mu foni jioni ileile, kwa pande zote mbili, saa na pahali, na sauti ya arusi.

Siku ya pili, Papa Sombe tena, bila salamu. «Sufuria yao nayo ichukuliwe. Chakula kilichopikwa ndani hakina ladha, mbwa walikataa. Hatutapika tena ndani yake.» Nikapoza: «Ng'ambo wanarudisha pia sufuria ya ndoa, isaidie karamu.» Komite wakapiga makofi.

Siku ya tatu, hii sikilizeni: «Waambie wapumbavu wale, mbuzi iko na akili kuwapita. Mbuzi ikisikia mvua, inatoka kiwanjani na watoto wake. Wao wanacheza ngoma tu. Kesho, jua likisimama, tutaona nani anacheka.» Sauti yake ilikuwa kavu. Nyuma yake nikasikia wanaume wanacheka, wengi. Nikasema moyoni, ah, Ng'ambo nao wako mu furaha. Nikaandika, Mungu anisamehe, na maandiko mazuri: «Ng'ambo wanauliza habari za mbuzi, na wanawatakia mvua njema kwa karamu.»

Mama Sidonie akaisoma kwa Mti Moya. Wakapiga vigelegele.

Niwaambie pia kwamba koko wangu, mama ya mama yangu, anaishi Mti Moya. Nyumba yake inaangalia soko. Ni yeye walimuchagua kukaa mbele ya wamama wote siku ya karamu, na alikuwa ametuma neno kwamba amepata kitambaa kipya na mutu asimukanyage.

Siku ya ine alfajiri, Mama Sidonie, Prezida na Komite nzima wakapanda moto, zile pikipiki za kukodi, wakaenda. Mimi nilikuwa na masomo. Nilikaa kungojea chai, na kaye yangu ya siri juu ya magoti, nikitaka kucheka kidogo kabla ya hesabu. Nikasoma ya dume, nikacheka. Ya sufuria, nikacheka. Ya mbuzi, nikacheka nusu.

Nikarudi nyuma. Dume mvivu? Papa Sombe mwenyewe alisema ng'ombe tatu ziko na mimba. Chakula bila ladha? Alikula sahani tatu. Mutu wa kusalimia mpaka kuku, miaka miwili, kisha siku tatu bila salamu hata moja, na matusi ya uongo, matusi yeye mwenyewe anajua ni ya uongo. Nani anaongea vile? Mutu mwenye watu wamekaa kando yake, na wanasikiliza, na wanapenda kusikia Mti Moya inatukanwa. Ndani ya tusi ndimo alificha neno. Na mimi kazi yangu ilikuwa kutoa matusi.

Na kurudisha vitu. Kwetu mutu anarudisha sufuria ya jirani bila kuombwa wakati anajua hawatapika tena pamoja. Hata mutoto mudogo anajua. Lakini tulikuwa na hamu ya amani mpaka tukasahau tulivyozaliwa.

Nikaacha chai. Nilikimbia mpaka ofisi ya Komite, imefungwa, wote wameenda kula. Nikaenda nyumba ya foni, ufunguo ulikuwa kwangu, nikawasha masini. Nikaita kwa kubonyeza, tik, tik, tik, tik, sawa mwendawazimu. Hakuna mutu. Asubui Maharagi hawashi masini yake mbele ya saa ine, kulinda bateri. Ilikuwa saa mbili na nusu. Nikakaa mbele ya kalendari na kujizoeza kusema kwa sauti. «Maharagi, Maharagi, ni Muhogo.» Kalendari haikutingizika. Nikasema tena. Nilisema labda mara mia, na mara mia nikajisikia musenji.

Saa ine kamili, Maharagi akaingia. Ni kijana mumoja mwenye mucheko mingi, na nyuma yake ngoma zilikuwa zimeanza. «Muhogo, unasikia raha hiyo?»

Nikabonyeza. Sikuachilia. «Maharagi. Ni Tiktik.»

Akaita wenzake: «Tiktik iko na sauti? Eh, kujeni musikie, panya anaongea! Na ni binti!»

«Niitie Mama Sidonie.»

«Mama Sidonie anacheza. Umupe salamu gani?»

«Umwambie mimi ninalia,» nikasema, na ilikuwa kweli.

Akaja. Alikuwa anahema. «Mutoto, nani alikuruhusu kushika mikro yangu?»

«Mama, mesaji ya jana nilipoza.»

«Ni kazi yako.»

«Mama, sikiliza ya moto.» Nikasoma zote tatu, neno kwa neno, na matusi yake yote, mimi ambaye nyumbani sisemi hata «mujinga». Nilisoma mvivu, nilisoma mbwa, nilisoma wapumbavu, kwa sauti, mu foni, mkoa muzima ukisikiliza. Na nitawaambia ukweli juu hii ni karatasi: ndani ya hofu ile kulikuwa na utamu.

Nilipomaliza, Mama Sidonie akauliza polepole, «Papa Sombe? Bila salamu?»

«Siku tatu, Mama.»

«Na watu nyuma yake?»

«Wanaume wengi. Wanacheka.»

Akaacha kifungo cha mikro chini ya kidole chake, ndiyo maana nilisikia yote. Nilisikia akipiga kelele, sauti ile ya kusalimia Mahagi: «Simamisha ngoma! Kila mama ashike watoto wake!» Prezida akasema, «Sidonie, unaaibisha Komite.» Akamujibu, «Prezida, aibu nitaibeba, weye beba huyu mutoto,» na nadhani alimupa mutoto kweli, juu nilisikia mutoto akianza kulia na Prezida akisema haya, haya, haya.

Walitoka wote kwa njia ya mukaratusi. Maharagi alibeba masini mgongoni na kuacha bateri. Saa sita, watu wa bunduki wakavuka muto. Hawakuwa watu wa Ng'ambo. Walikuwa wamekaa Ng'ambo kwa nguvu tangu mwisho wa juma lililotangulia, ndani ya nyumba ya foni yao. Mwaliko wetu walikuwa wameusikia wote, saa na pahali, na sauti ya arusi. Wakakuta kiwanja kitupu na sufuria kubwa imejaa wali na nyama, ya moto. Wakakaa wakala. Mutu aliyejificha kwenye muteremuko aliona, anasema walikula na heshima, walinawa mikono. Kisha wakachoma nyumba upande wa soko, wakaondoka kabla askari hawajafika. Hakuna mutu aliyekufa. Naandika tena sababu napenda kuiandika: hakuna mutu aliyekufa.

Lakini siku ile mimi sikujua. Foni ilikuwa kimya mpaka giza, na mama yangu alikuja kukaa nami, ameniletea ile chai niliyoacha.

Siku ya tano asubui Mama Sidonie akaingia na nguo yake ya karamu, imejaa matope. Hakunikaripia. Alichukua kaye ya bluu, akachukua rula, akapiga mustari katikati ya kila ukurasa uliobaki. Upande wa kushoto ni neno la moto, vile lilivyotoka kinywani. Upande wa kuume ni lile la kupozwa. Komite inasoma pande zote mbili. Mustari ule ni sheria, Neema, usiuruke hata siku umechoka, na weye Joeli usiseme tusi hili ni la kuchekesha tu. Kwa saa ine, Papa Sombe akaingia mu foni. Wale watu walikuwa wameenda. Alisalimia Komite, na jamaa za Komite, na kuku. Mama Sidonie akajibu kuku wote ni wazima. Nikasikia Papa Sombe akipumua, kisha akasema asante, na akarudia kuuliza kuku, na Mama Sidonie akamujibu tena.

Nilibaki kazini miezi kadhaa bado, lakini hiyo munaijua, mulikuwa munakuja kuangalia dirishani.

Siku ya posho, ya sita ya juma lilelile, saa nane za muchana, moto ikasimama mbele ya nyumba yetu. Nyuma ya dereva, kitambaa kipya kichwani, alikaa koko wangu. Alishuka kwa mapande mapande, kwanza mguu, kisha mukono, kisha maneno.

«Ni weye uliyepiga kelele mu foni?»

«Ndiyo, koko.»

«Mbele ya Mti Moya nzima.»

«Ndiyo, koko.»

«Nilikuwa nimekaa mbele, watu wote wakasikia ni mujukuu wangu. Unaingia mu karamu ya watu, unasema wapumbavu, unasema mbwa, na salamu hukutoa. Hata moja. Mama yako alikulea wapi?»

Mama yangu alikuwa ameweka mikono kwenye mudomo. Mimi nilitaka kucheka, kulia, kumubeba koko mugongoni na kuzunguka naye nyumba nzima. Nikapiga goti pale kwenye vumbi, nikamushika mikono miwili. Nikamusalimia vile inapashwa, bila kuruka kitu. Habari ya njia. Alijibu, nzuri. Habari ya magoti. Nzuri. Habari ya jirani zako. Wote wako, wanasumbua. Habari ya nyumba.

«Nyumba iliungua,» akasema koko. «Endelea. Hujaniuliza bado mugongo.»